Majoho mekundu Ikulu: kisa cha wanafunzi wa Mlimani, Oktoba 1966

Gazeti la mwaka 1966 halishikwi kama gazeti la jana. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kingo zinamong'onyoka kama chapati iliyolala, na ukifungua kwa pupa unabaki na kipande mkononi. Inabidi utandaze kiganja chini ya ukurasa na kuugeuza taratibu. Ukienda kwa mwendo huo unaona mengi ambayo hukuyafuata: tangazo la sabuni, matokeo ya mpira wa shule na shule, barua kwa mhariri, orodha ya waliopata nafasi za masomo ng'ambo. Maisha ya wanafunzi wa zamani yamejaa humo vipande vipande, na mara nyingi mwanafunzi anaingia gazetini kwa milango miwili tu, amefaulu au amegoma.

Kisa ninachotaka kukichambua ni cha mlango wa pili. Kilitokea Dar es Salaam Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, na mtu yeyote aliyesoma historia ya Tanzania baada ya uhuru amewahi kukisikia kwa ufupi wake: wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kukataa Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza, kisha miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa. Kwa ufupi huo kisa kina mafunzo tayari. Wasomi walijiona, Baba wa Taifa akawashusha. Mimi nimekaa nacho muda mrefu, na naamini ufupi huo unaficha jambo moja kubwa, kwamba siku ile wanafunzi walitoa hoja, Rais akaikubali hoja hadharani, halafu akawafukuza walioitoa. Hayo mawili yalikwenda pamoja na hayakupaswa kwenda pamoja.

Tuanze na JKT yenyewe, maana bila hiyo hasira ya pande zote mbili haieleweki.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni lilikuwa la kujitolea, na waliojitolea wengi walikuwa vijana ambao shule iliwaishia mapema. Walilala kambini, wakafyeka mapori, wakalima, wakajenga barabara, asubuhi mchakamchaka na nyimbo, mchana jembe. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wakaasi. Serikali ilitikisika hasa, na jeshi lile likavunjwa. Jeshi jipya lililoundwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lilitaka vijana wenye imani na nchi, na JKT ikawa sehemu ya kuwapata. Kwa hiyo kufikia 1966, ukisema JKT unasema jambo zito kuliko jembe na mchakamchaka. Unasema nani ni wa nchi na nani anaitazama nchi kwa mbali.

Na hapo ndipo serikali ilipotazama kambini ikaona pengo. Vijana wa vijijini wapo. Wasomi hawapo. Waliomaliza kidato cha sita na vyuo, ambao ndio waliokuwa wanaingia maofisini kushika viti vilivyoachwa na Waingereza, walipita kando ya kambi wakaenda moja kwa moja kwenye meza. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 12 na wahitimu wa kuhesabika. Ndipo likaja pendekezo kwamba JKT iwe lazima kwao, kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza wangekaa kambini. Baada ya hapo, kwa miezi 18, wangefanya kazi walizosomea, lakini kwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Asilimia 40 ndiyo iliyowasha moto. Tufanye hesabu. Tuseme mhitimu angeanza kazi kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa miezi 18 angepata 400, na 600 zingebaki serikalini kila mwezi. Kwa kijana ambaye ukoo mzima umemsubiri, ambaye baba ameuza ng'ombe, na wadogo zake wanne wanangoja ada na sare, hizo 600 si za anasa. Zina majina ya watu. Sikubali maelezo yanayowafanya vijana wale walafi tu. Mtoto aliyesomeshwa na ukoo anadaiwa na ukoo, na deni lile halikuandikwa popote lakini kila mtu nyumbani analijua.

Lakini geuza hesabu upande wa pili. Hizo 400 zilizobaki ni mara mbili ya mshahara wa kibarua anayepata 200 kwa mwezi, naye ana watoto wake na ukoo wake, na hakuna aliyemsomesha. Hilo nalo ni kweli, na ndilo lililokuwa kichwani mwa Mwalimu.

Siku yenyewe

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, chama tawala, pale Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria ambao wangetosha darasa moja, kisha mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji. Kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Majengo mapya, kijani kila upande, upepo wa mlimani, vyumba safi, chakula mezani. Mtu aliyetoka shule ya bweni yenye uji wa funza akifika pale alijiona amefika. Na kulikuwa na joho. Kwa desturi iliyorithiwa kwa Waingereza, wanafunzi wa shahada ya kwanza walivaa joho jekundu.

Jumamosi ile walikwenda Ikulu wamevaa hayo majoho.

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu naona nusu ya kisa imo kwenye hilo vazi. Fikiria mtaa wa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba, joto limeanza kukaza, wapo wachukuzi wa bandarini, wauza kahawa, akina mama wenye ungo wa maandazi, na katikati yao kundi la vijana wapatao 400 linapita katika vitambaa vyekundu vya Kizungu, likibeba mabango, likienda kumwambia Rais kwamba masharti ya kulitumikia taifa ni magumu. Hata kabla ya kusoma bango, mtazamaji ameshaelewa nani anaongea na nani. Sidhani kama wanafunzi walivaa majoho kwa majivuno tu. Joho lilikuwa heshima yao na ushahidi kwamba wanakuja kwa utaratibu, wasomi wa taifa wanaokwenda kumwona mkuu wa nchi, hawaji kihuni. Kwao lilisema adabu. Kwa mtazamaji wa barabarani lilisema tofauti kabisa.

Mabango yalizidisha. Mojawapo lilisema kwamba maisha chini ya ukoloni yalikuwa afadhali. Miaka mitano tu imepita tangu uhuru, na yule anayesomewa bango hilo ndiye aliyeongoza kudai huo uhuru. Sijui neno lingine ambalo lingemchoma zaidi. Hata mimi, ninayewatetea katika mengi, siwezi kulitetea bango lile. Lilikuwa kosa la haki na kosa la akili. La haki, kwa kuwa halikuwa kweli: chini ya ukoloni wengi wao wasingefika Mlimani, maana Mlimani hapakuwapo. La akili, kwa kuwa lilimpa msikilizaji sababu ya kutosikiliza mengine yote.

Maana mengine yalikuwepo. Walikuwa na tamko, limeandikwa kwa Kiingereza, likasomwa mbele ya Rais. Lilisema kwamba masharti yasipobadilika, pamoja na msimamo wa viongozi kwa wanafunzi, hawatalipokea jeshi hilo kwa moyo. Miili yao itakwenda, roho zitabaki nje. Likamalizia kwamba vita kati ya wasomi na wanasiasa vitaendelea daima. Watu wengi hunukuu sehemu ya miili na roho kwa sababu inasikika vizuri. Mimi naona uzito uko kwenye sehemu ya mwisho. Wanafunzi walikuwa wanauliza, kwa maneno ya ukali na yasiyopimwa, mbona kujinyima kunaanzia kwetu? Wanasiasa waliopanga kwamba sisi tukatwe asilimia 60 wao wanakatwa ngapi? Wakati huo tayari mtaani neno wabenzi, yaani wenye magari ya Mercedes-Benz, lilikuwa linatembea, na kila mtu alijua linamlenga nani.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, na jibu lake ndilo linalokumbukwa mpaka leo.

Alisema wana haki wanapozungumzia mishahara. Mishahara ni mikubwa mno. Akataja wa kwake, shilingi 5,000 kwa mwezi, katika nchi maskini. Akauliza kama wanajua mtu anayepata shilingi 200 kwa mwezi atafanya kazi muda gani mpaka apate anachopata Rais. Miaka 25. Hesabu yake iko sawa: 5,000 mara 12 ni 60,000 kwa mwaka, 200 mara 12 ni 2,400, gawanya, unapata 25. Akasema mishahara ya namna hiyo ndiyo inayojenga tabia hii ndani ya wasomi wote, yeye na wao, kwamba wote ni wa tabaka la wanyonyaji. Akatangaza palepale kwamba wa kwake anaukata kwa asilimia 20 tangu saa ile. Na kuhusu wao, akawaambia waende nyumbani.

Polisi wakawazunguka. Wakarudishwa chuoni kuchukua vitu vyao, wakachukuliwa alama za vidole, wakasafirishwa kwenda makwao. Karibu 400, wengi wa Mlimani na wengine wa vyuo vingine vya jijini. Asubuhi ulikuwa mwanasheria au mwalimu mtarajiwa aliyevaa joho. Kabla wiki haijaisha uko kijijini na sanduku lako, na babako anauliza umefanya nini.

Alama za vidole. Kila nikifika hapo nasimama. Dole gumba linachovywa kwenye wino mweusi, linabingirishwa kwenye kadi, kisha kidole cha pili, cha tatu, mpaka kumi, na huyo ni kijana ambaye kosa lake ni kusoma tamko mbele ya Rais wake. Ndivyo anavyofanyiwa mwizi. Kufukuzwa chuo ni adhabu ya mwanafunzi, lakini wino kidoleni ni adhabu ya mhalifu, na nadhani hapo serikali ilivuka mstari ambao haikuwa na haja ya kuuvuka.

Nani alikuwa anaandika

Turudi kwenye magazeti. Mwaka 1966 mji ulikuwa na magazeti ya kila namna, kila moja na mwenyewe. The Nationalist, la Kiingereza, na Uhuru, la Kiswahili, yote yalikuwa ya TANU. The Nationalist mwaka huohuo lilipata mhariri mpya, kijana aliyetoka Makerere aitwaye Benjamin Mkapa, ambaye baadaye sana angekuwa Rais. The Standard lilikuwa la watu binafsi tangu enzi ya Mwingereza, lililoanza mwaka 1930 kama Tanganyika Standard. Ngurumo nalo lilikuwa la binafsi, la Kiswahili, la bei nafuu, likisomwa kwa sauti vibarazani na kwenye vinyozi. Radio ilikuwa ya serikali.

Hesabu hapo wanafunzi wana nini. Hawana kitu. Chama kina magazeti mawili, wafanyabiashara wana yao, serikali ina redio iliyoingia mpaka kijijini. Mwanafunzi aliyefukuzwa alifika kwao akikuta habari yake imeshamtangulia, imesimuliwa na mwingine. Ndiyo maana kumbukumbu tuliyorithi imekaa upande mmoja. Hotuba ya Mwalimu tunaijua hatua kwa hatua, mpaka hesabu yake. Ya wanafunzi tumebakiwa na bango moja baya na sentensi moja ya miili na roho. Kijana aliyekuwa mstari wa nyuma, aliyetaka tu kusema kwamba mama yake anamtegemea, hana mahali alipoandikwa.

Na mitaani hawakupata wa kuwalilia. Nani angewalilia? Mchukuzi wa 200 kwa mwezi alikuwa amesikia Rais akimtaja yeye, akimfanyia hesabu yeye, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kufanya hivyo. Hili ni la kuwalaumu vijana wale kuliko hata bango. Walikuwa na hoja ya haki kuhusu mgawanyo wa mzigo, lakini waliisemea kwa ajili yao wenyewe, kwa lugha ambayo mchukuzi haisomi. Tuseme tamko lile lingeandikwa kwa Kiswahili, likaanza na mshahara wa kibarua, likapanda mpaka wa waziri, likamalizia kwa kusema sisi tuko tayari kwenda kambini siku mawaziri watakapokatwa. Serikali ingepata taabu kulijibu.

Mwalimu aliona nafasi hiyo wazi akaichukua yeye. Mawaziri na maofisa wa juu nao wakakatwa mishahara. Tarehe 5 Februari 1967, siku 106 baada ya maandamano, likatangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Mwezi Machi ikafuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Siwezi kusema maandamano yalizaa Azimio, kwa sababu mawazo yale yalikuwa kichwani mwa Mwalimu miaka mingi. Lakini siku ya Ikulu ilimwonyesha watoto wa uhuru wamekuwa watu wa namna gani, na naamini ilimharakisha.

Sasa rudi kwenye ile hesabu yake. Baada ya kukata asilimia 20, mshahara wa Rais ulikuwa 4,000. Kwa mwaka ni 48,000. Gawanya kwa 2,400 za kibarua: miaka 20. Simtajii hili kumdhalilisha. Mkuu wa nchi kujikata mshahara mbele ya watu ni jambo ambalo wengi wetu hatujaliona tena, na namheshimu kwalo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha hoja ya wanafunzi ilikuwa kubwa kuliko jibu. Pengo lilipungua kutoka miaka 25 hadi 20. Wale waliolisema walikuwa tayari ndani ya treni.

Walichokosea, na alichokosea Mwalimu

Hoja ya kawaida ya kuitetea adhabu ile ni kwamba wanafunzi walikuwa wabinafsi, na ubinafsi wa wasomi katika nchi changa ni sumu. Mwaka uliofuata wengi walisamehewa wakarudi masomoni, kwa hiyo ilikuwa kofi la mzazi, limeuma na limepita. Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu, na kwa siku ile peke yake ina nguvu. Mzazi aliyeambiwa afadhali mkoloni ana haki ya kukasirika.

Lakini kisa hakipimwi kwa siku yake peke yake. Kipime kwa yaliyofuata hapohapo Mlimani.

Kuanzia 1967 kizazi kipya cha wanafunzi kiligeuza chuo. Walianzisha umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Kiafrika, USARF, chini ya mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Hawa hawakuwa wabinafsi wa majoho. Walisoma ujamaa usiku na mchana, waliunga mkono Azimio, waliunga mkono wapigania uhuru wa kusini. Novemba 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1970, jarida likapigwa marufuku na USARF ikavunjwa. Walikuwa wameanza kuandika kwamba ndani ya ujamaa wenyewe kuna tabaka jipya linalonenepa. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi, na polisi wenye silaha wakaja Mlimani kumchukua.

Halafu Machi 1978. Bunge na serikali walikuwa wamejiongezea mishahara na marupurupu. Wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya Dar es Salaam, wakatoka kuandamana. Safari hii walifanya kila ambacho wa 1966 hawakukifanya. Hawakudai chochote kwa ajili yao. Walisema nyongeza ile inavunja Azimio la Arusha, yaani walishika maneno ya Mwalimu mwenyewe wakayaelekeza kwa viongozi. Lilikuwa swali lilelile la Oktoba 1966, mbona kujinyima kunaanzia chini, ila sasa limesafishwa na kunyooshwa. Wakapigwa mabomu ya machozi na virungu, na wapatao 350 wakafukuzwa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Mwalimu.

Ukiviweka visa hivyo kwenye meza moja, ile hoja ya ubinafsi inaanguka. Wa 1966 walisemea matumbo yao, wakafukuzwa. Wa 1970 walisema kwa jina la ujamaa, wakafungiwa. Wa 1978 walilitetea Azimio kwa maneno ya Azimio, wakafukuzwa. Madai yamebadilika kila mara na adhabu imebaki ileile, kwa hiyo adhabu haikuwa inajibu madai. Ilikuwa inajibu kitendo cha mwanafunzi kutoka chuoni akaenda kusema bila kuitwa.

Na hapa ndipo ninapomlaumu Mwalimu, kwa heshima yote, kwa sababu alikuwa mwalimu kweli. Alikuwa amesoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Alijua mwanafunzi mkaidi anavyojibiwa. Siku ile alijibu vizuri kabisa kwa dakika chache. Alitoa mfano wa kibarua, akajitia mwenyewe ndani ya lawama kwa kusema mimi na nyinyi, akajikata mshahara. Angesimama hapo, vijana wale wangerudi Mlimani wameshindwa kwa hoja, na hakuna kushindwa kunakomjenga msomi kama huko. Alipoongeza polisi na wino, aliwapokonya nafasi ya kubadilika kwa akili zao. Wengi walirudi mwaka uliofuata wakiwa wamejifunza jambo moja, kwamba mshahara wa Rais unaweza kupunguzwa kwa maandamano, lakini mwandamanaji hatakuwepo kuona.

Wapo watakaosema nchi ilikuwa dhaifu, uasi wa jeshi una miaka miwili tu na miezi, uhusiano na Uingereza umevunjika Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, mikopo imekatika, na serikali haiwezi kuchezea nidhamu. Nakubali hofu ilikuwepo na ilikuwa ya kweli. Ila vijana walioingia kwenye viwanja vya Ikulu siku ile hawakuwa na bunduki kama wale wa Januari 1964. Walikuwa na karatasi.

Yaliyobaki ya JKT ni mafupi. Sheria ilipita, na kuanzia hapo wasomi wakaenda kambini kwa lazima, wakaitwa vijana wa mujibu wa sheria, jina wanaloitwa mpaka leo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza kwamba baada ya JKT mtu afanye kazi kwanza ndipo afikiriwe chuo kikuu. Lazima hiyo ilisitishwa mwaka 1994, ikarudishwa 2013. Ukikutana na mtu wa umri wa miaka sitini na kitu aliyepita Mgambo, Ruvu au Makutupora akiwa wa mujibu wa sheria, atakusimulia malengelenge, afande, na nyimbo za alfajiri, na mara nyingi atasimulia kwa mapenzi. Katika hilo naona Mwalimu alikuwa na haki na wanafunzi walikosea: kambi ilikutanisha watoto wa nchi ambao wasingekutana.

Miongoni mwa waliofukuzwa mwaka 1966 alikuwamo mwanafunzi wa sheria kutoka Tabora, Samuel Sitta. Shahada aliyoianza mwaka 1964 aliipata mwaka 1971. Akaingia siasa, akawa mbunge, akawa waziri. Desemba 2005 wabunge wakamchagua kuwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano, na ni katika Bunge lake, Februari 2008, ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilisomwa mbele ya nchi nzima, redioni na kwenye televisheni, mpaka Waziri Mkuu akajiuzulu. Miaka 41 ilikuwa imepita tangu ile Jumamosi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa amevaa joho, na kazi yake ilikuwa kuamua nani apewe nafasi ya kusema, na aachwe amalize.